Sarafu Niliyoisugua

Kifaa kile hakikuwa changu, na hilo nataka lieleweke mapema, kwa sababu Ujiji kuna watu mpaka leo wanasema nilikuwa mmoja wa waliopagawa na mali ya Mjerumani. Sikuwa. Nilikuwa fundi redio. Meza yangu ilikaa barazani kwa bibi yangu, mzaa mama, na watu waliniletea redio za kaseti zinazotafuna mikanda, na mara mojamoja feni. Mwaka mmoja katika ile miaka ya wakimbizi, mtu aliyetoka machimboni huko Geita akaniletea kitu chenye mpini mrefu na sahani chini yake, cha kutafutia vyuma vilivyofukiwa ardhini. Kilikuwa bubu. Akanieleza kwamba Wajerumani walipokuwa wanakimbia vita walifukia masanduku ya dhahabu mahali fulani kati ya Bangwe na Ilagala, na kwamba yeye ana ramani. Ramani yenyewe hakunionesha. Akasema anafika Kasulu mara moja, nisiwe na haraka, na tangu siku hiyo sijamtia machoni.

Kabla sijaendelea na kifaa, niseme habari za mama aliyekuwa amepanga chumba cha uani kwetu, maana haya yote ni yake kuliko yangu. Alitoka Burundi. Alikuwa mtu mzima, anakaribia miaka arobaini, mnyamavu, mwenye mikono iliyokuwa na rangi ya mawese mpaka kwenye kucha, kwa kuwa alifanya kazi kwenye mashine ya kukamulia mafuta hayo. Usiku walipokimbia kwao, watu wa kijiji chao walipakiwa kwenye mitumbwi miwili. Yeye alipanda wa kwanza. Mama yake mzazi, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, alibaki nyuma asaidiwe kupanda wa pili. Mtumbwi wa kwanza ulifika Kibirizi, ufukwe wa ziwa jirani na Ujiji. Wa pili hakuna aliyejua ulifika wapi.

Aliuliza kila mahali alipoweza. Alikwenda kambini kwenye orodha za majina, akauliza bandarini, akauliza kanisani kila Jumapili baada ya misa, kwa kuwa mama yake alikuwa mtu wa kanisani tangu utotoni. Mwaka ukapita na miezi. Kwao, mtu akifa, watu hukaa pamoja siku kadhaa, wakalia, halafu baadaye wakakutana tena kuuondoa msiba, na maisha yakaendelea. Yeye hakuweza kufanya hata hilo la kwanza. Siku moja nilimwuliza, kwa ule ujinga wa vijana, mbona simwoni akilia. Akanijibu, "Mtu ukimlilia akiwa mzima, unamwitia kifo. Na asipokuwa mzima, namwacha peke yake. Sasa nifanye lipi?" Nikajifanya nina redio ya kufungua.

Kifaa kilinichukua wiki mbili. Waya wa koili ulikuwa umekatika ndani ya sahani, nikauchomelea, nikabadilisha na betri, kikaanza kulia. Fundi akishatengeneza kitu lazima akijaribu, hiyo ni sheria ya kazi, na uani kwetu hapakufaa kwa sababu kila hatua ilikuwa msumari. Ndiyo nikaenda Bangwe, kwenye mchanga wa ziwa.

Kina mama waliokuwa wakianika dagaa walinipokea vizuri. Mmoja aliniambia, "Fundi, ukimpata Mjerumani mwenyewe umlete, tumpikie ugali." Nilicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nimevaa hedifoni jua kali, napeperusha sahani huku na huku, natoa vizibo vya soda, ndoano, mkebe wa samaki. Kila nilipoinama walishangilia. Mimi sipendi kuchekwa, nakiri, na kwa hasira nikasogea mbali nao, juu kabisa, karibu na michikichi, ambapo mchanga unaanza kuchanganyika na udongo. Hapo kifaa kikalia kwa sauti nyingine, nene.

Nilichimba kwa mkono mpaka kiwiko. Kwanza kilitoka kitambaa kilichooza, kikakatika nilipokivuta. Ndani yake mlikuwa na vifungo viwili vya nguo, pini iliyokwisha kwa kutu, na kipande cha duara, kizito, kikubwa kuliko sarafu za siku hizo, cha kijani kibichi pande zote. Vifungo, pini na kitambaa nilivitupa hapo hapo. Nimevifikiria mara nyingi baadaye, lakini siku ile niliona takataka tu. Lile duara nikalitia mfukoni nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku ya pili nikalipeleka kwa mzee mmoja sonara, pale pale Ujiji, mtu aliyeshika madini tangu hajaota ndevu. Hakuanza kwa kuangalia. Alilitia kiganjani akalipima kwa kulirusha kidogo, kisha akaligusisha sumaku niliyokuwa nimebeba mimi mwenyewe, ya spika. Halikunasa. Akaliachia juu ya jiwe lake la kazi, akasikiliza.

"Shaba," akasema. "Dhahabu yako ya Mjerumani isahau."

"Sikuja na dhahabu, mzee. Nataka kujua ni nini."

Akachukua njiti ya kiberiti akadukuadukua katikati. Uchafu ukatoka, pakaonekana tundu, la duara safi. "Unaona? Hili limetobolewa kiwandani, si la msumari. Mjerumani alikuwa na heli, senti zake za tundu, lakini zile ni ndogo na nyeupe. Kubwa hivi, ya shaba, yenye tundu, ni ya Kongo, ya Mbelgiji wa zamani sana. Kutu ikitoka utaona nyota." Akaligeuza tena. "Za namna hii mabibi wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakizitungia uzi, wanavaa shingoni. Pesa yenyewe ilishakufa, ikabaki pambo."

Halafu akaniambia neno ambalo lingenisaidia. Alisema nilitie kwenye mkebe wa mawese, nifunike, nisahau. Mwezi mmoja, hata miwili. Mafuta yangeingia taratibu chini ya kutu na kuilegeza. "Usisugue," akasema. "Kutu imekula shaba. Ukisugua, unaondoa vyote viwili."

Nikatia kwenye mawese. Siku ya kwanza nikafunua kuangalia. Siku ya pili nikafunua mara nne. Siku ya nne nikalitoa, kwa sababu mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi niliumbwa na pupa. Bibi aliniona nimekaa nalo, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, akacheka.

"Shaba unaioshea mafuta? Nani kakufundisha? Leta ndimu, leta chumvi, vunja kipande cha tofali ukisage."

Nyumba zetu Ujiji haziwezi kuona shaba imefubaa. Kila ikikaribia Idi, birika za kahawa na masinia hutolewa ndani, wanawake hukaa chini wakasugua kwa ndimu na vumbi la tofali mpaka uone sura yako. Birika yenye doa ni aibu ya nyumba nzima. Nimekulia katika kusugua. Kwa hiyo sonara alinishauri kwa busara yake, lakini mikono yangu ilikuwa imeshasomeshwa na bibi miaka ishirini.

Tulikaa wote wawili ukumbini. Bibi ndiye aliyeanza, kwa kidole gumba, kwa ule mzunguko wake wa taratibu. Kijani kikageuka maji machafu, kikawa kahawia, kikawa chekundu. Nyota ikatokea, ncha moja, kisha nyingine. Bibi akaacha kusugua. Akaishika ile sarafu karibu na macho kwa muda, akainamisha kichwa, kisha akaniwekea mkononi na kusema goti linamuuma. Akaingia chumbani. Nilidhani ni goti kweli. Nikaendelea mwenyewe, kwa nguvu za kijana, tena na tena. Chini ya nyota palikuwa na mahali penye mkwaruzo, padogo, panapokwama kwenye kidole. Nikaona huo ni uchafu mkaidi. Hapo ndipo nilipokandamiza zaidi.

Ilipokwisha, iling'aa kama birika ya Idi. Nikaiweka mezani kwangu juu ya kitambaa cheusi, na wateja wakaja kuiangalia. Bibi hakuja barazani siku hiyo, wala ya pili yake. Alisema ni baridi. Ulikuwa mwezi wa jua kali.

Alasiri ya siku ya pili yule mama wa uani alirudi kazini na dumu lake kichwani. Akaniambia, "Habari za kazi, Fundi," kama kila siku, na akapita. Kisha akarudi hatua mbili. Akashusha dumu chini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Bangwe. Nimeichimba."

"Naomba niishike."

Akaigeuza, akaigeuza tena. Aliipitisha kidole chini ya nyota, pale pale. Akarudia. Akaniangalia.

"Alama ziko wapi?"

"Alama zipi?"

"Mama yangu alikuwa na sarafu hii shingoni. Tangu nanyonya naijua. Lakini wengi walikuwa nazo. Ya mama ilikuwa na alama za kisu, hapa chini. Alizikata baba. Ziko wapi?"

Nikasema hapakuwa na alama. Nilisema upesi, kama fundi anayetetea kazi yake mbele ya mteja, na hata kabla sijafunga mdomo nilijua nimesema uongo. Ule mkwaruzo ulinirudia kwenye kidole gumba.

"Kulikuwa na mikwaruzo," nikasema. "Nilidhani ni uchafu. Niliisugua."

"Ilikuwa mingapi?"

"Sijui."

"Mingapi, Fundi?"

"Sikuhesabu. Nisamehe, sikuhesabu."

Sijawahi kumwona na hasira kabla ya siku ile. Hakupaza sauti. Alisema, "Ninyi mnapenda vitu ving'ae. Mtu anakaa mwaka mzima na miezi anatafuta kitu kimoja cha kumwambia ukweli, wewe unakipata, unakitia ndimu." Akaiweka sarafu mezani kwa taratibu sana. Nilitamani angenitukana. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilitaka kulia mbele ya watu, na sababu ya kutolia ilikuwa moja tu, kwamba mwenye haki ya kulia alikuwa yeye na hakuwa akilia.

Nikafikiria kumdanganya. Naandika hili kwa kuwa ni kweli. Ningeweza kusema "miwili" au "mitatu" na kumtazama usoni nikajua kama nimepatia. Nilifungua mdomo.

"Mitatu," sauti ikasema nyuma yangu. "Miwili mirefu, mmoja mfupi."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Yule mama akakaa chini pale pale, juu ya dumu lake.

"Ingia ndani, mwanangu," bibi akamwambia. "Mambo haya si ya barazani."

Tukaingia wote. Inabidi niseme hapa kwamba bibi yangu alikuwa mmoja wa wanawake wanaoosha maiti za kike. Si kazi ya kutangazwa. Ulikuwa unakuja wito, anachukua kanga zake na kwenda, na akirudi hatuulizi. Kwa hiyo wala mimi sikujua kwamba, wiki ileile ya mitumbwi, aliitwa Bangwe. Mtumbwi ulikuwa umepinduka usiku karibu na nchi kavu, na ziwa likawaleta watu ufukweni baada ya siku tatu. Wanawake walikuwa wawili.

"Mmoja alikuwa na rozari," bibi akasema. "Tukawaita watu wa kanisani, wakamchukua wakamzika wenyewe. Wa pili hakuwa na msalaba wala rozari. Alikuwa na hiyo tu, imefungwa kwa kamba ngumu shingoni. Sisi tukasema hii ni hirizi, basi huyu ni mtu wetu. Tukamwosha, tukamkafini, akaswaliwa, akazikwa Bangwe kwa Kiislamu."

Yule mama akajishika shingoni.

"Kwetu maiti havai pambo," bibi akaendelea. "Huvuliwa vyote. Na kitu cha maiti asiye na ndugu nani atakichukua nyumbani kwake? Nikavifunga kwenye kipande cha nguo yake, nikavifukia palepale tulipomwoshea. Ile kamba niliikata mimi. Ndiyo maana alama nazijua, zilikuwa chini ya kidole changu wakati nakata. Jana ilipotoka nyota nikaijua. Nikaogopa." Akamgeukia yule mama. "Wewe siku zote ulisema unamtafuta mtu wa kanisani. Yule nilimzika mimi kama Mwislamu. Sikupata hata siku moja kuwaweka pamoja kichwani. Na jana nilipowaweka pamoja, nikaona nimemkosea mama yako, na wewe, na Mungu pia labda. Nikajifungia ndani."

Nilimtazama bibi kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kuogopa. Siku zote nilidhani hofu ni yetu sisi wengine.

"Tulikuwa watatu," yule mama akasema baadaye. "Baba alikuwa anakata mstari kila mtoto akizaliwa. Kwangu kisu kiliteleza." Alisema hivyo akiangalia sakafu.

Mimi, kwa kuwa ni fundi na siwezi kuona kitu kimeharibika nikakaa kimya, nikasema ninaweza kuirudisha ile mistari. Nina patasi ndogo, bibi atanionesha mahali, urefu, kila kitu. Itakuwa vilevile.

"Hapana," akasema. "Aliyekata alikuwa baba. Wewe utakata nini?"

Lilikuwa jibu sahihi na liliniuma inavyostahili. Nikampa sarafu. Akaikunja kwenye ncha ya kitenge chake bila kuitazama.

Bibi akasema kwamba akitaka, watakwenda kwa wazee wa msikiti na kwa padri, waulizane namna ya kuweka msalaba, hata kumhamisha. Itakuwa na maneno, lakini atakwenda yeye mwenyewe kusema kosa ni lake. Yule mama akauliza jambo jingine kabisa.

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Maji gani?"

"Mliyomwoshea. Mama hakuweza maji ya baridi. Magoti yake. Usiku ule wa mtumbwi maji yalimfika kiunoni, nikawa nasikia analalamika gizani. Ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia."

"Yalikuwa ya uvuguvugu," bibi akasema. "Hatuoshi kwa baridi. Tulichemsha na majani ya mkunazi, tukachanganya na maji ya ziwa, nikatia mkono kwanza mimi. Maji yakikuunguza wewe, yanamuunguza na yeye. Yakikugandisha, ni hivyo hivyo."

"Ulimwosha wewe?"

"Mimi, na mwenzangu akimimina."

Yule mama akanyoosha mikono yake miwili mbele ya bibi, ile mikono ya mawese, viganja juu.

"Nioneshe ulivyofanya."

Bibi alinitazama. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikwenda jikoni nikachochea mkaa, nikaweka sufuria ya maji, nikasimama nayo mpaka ilipoanza kutoa mvuke, nikachanganya na maji ya mtungi, nikatia mkono wangu ndani kujaribu. Yalikuwa sawasawa. Nikaleta na beseni.

Bibi alikunja mikono ya gauni lake. Alianza na mkono wa kulia, kama ilivyo desturi, kutoka kwenye vidole kwenda kiwiko, akimimina kidogokidogo kwa kata, akipitisha kiganja bila kusugua, kwa upole ambao sijaona akiutumia kwenye chombo chochote cha nyumba ile. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu, yule mama alianza kulia. Hakuficha uso. Alilia kwa sauti, kwa Kirundi, na wanawake wa nyumba za jirani waliposikia wakaja mmojammoja wakaketi ukutani bila kuuliza nani kafa.

Bibi hakukatisha kazi. Alipomaliza mkono ule, alisema kwamba siku ya maziko hawakuwa na jina la marehemu, na aliyesoma dua kaburini alimwita binti wa Hawa, kama anavyoitwa kila asiyejulikana mama yake. Akauliza jina lake hasa lilikuwa nani.

Yule mama akalitaja. Bibi akalirudia polepole ili asilikosee, kisha akachukua mkono wa kushoto.